Chachu ya Bi Vaso

Mimi ni mtu wa kunusa. Nasema mapema tusije tukalaumiana. Nikipewa chai nanusa, nikipewa nyama nanusa, na mume wangu akichelewa kurudi nanusa koti lake, naye anajua, keshazoea. Kwa hiyo mwenzangu wa ofisini aliponiletea zawadi ya kichupa cha kitu cheupe kama uji, akaniambia nikilishe unga kila siku nami nitapata mkate wa Kigiriki, ule wa kijijini hasa, jambo la kwanza nililofanya ni kufungua kifuniko na kuingiza pua. Lo! Nikakifunga hapo hapo. Nilirudi nyumbani kwa basi nimekipakata, abiria wananitazama, na mimi si mtu mzima tena. Nina miaka tisa, niko Walthamstow, London, nimesimama mbele ya kabati la boila la maji moto, na naamini kwa moyo wangu wote kwamba mama yangu ni mlevi.

Tulikaa fleti ya juu, karibu na soko, mimi na Mama tu. Fleti ya chini alikaa Bi Vaso, mjane wa Kigiriki mwenye magauni meusi na slipa za manyoya. Mama alikuwa akisafisha maofisi, shifti yake ikianza kabla hakujapambazuka, basi alikuwa akinishusha kwa Bi Vaso nikiwa bado na usingizi, nikae jikoni kwake mpaka wakati wa skuli. Huko ndiko nilikoujua mkate wake. Ulikuwa mduara mkubwa, gamba lake gumu, ndani una rangi ya manjano kidogo na uchachu unaobaki ulimini. Bi Vaso hakuukata mezani. Aliukumbatia kifuani akaukata kwa kisu akivutia upande wake, na mimi kila asubuhi nilifumba macho nikingoja damu. Kipande alikibanika, akakimiminia mafuta ya zeituni, akakinyunyizia sukari. Wallahi hakuna kilichoushinda utamu wake mpaka leo.

Ila juu ya kila mkate palikuwa na msalaba. Aliuchora kwa ncha ya kisu kabla hajautia ovenini, huku akinong'ona. Mimi nikila pembeni pembeni, katikati naacha. Nilipomwambia Mama, alicheka. "Mkate ni mkate, mwanangu. Sema bismillahi ule, kila mtu na dua yake."

Lakini Mama alikuwa wa kucheka, na mimi sikuwa wa Mama peke yake. Baba alikuwa Muscat kwa kazi, na kila Jumapili baada ya alasiri alipiga simu. Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka simu zile, sauti inakwenda inarudi, mnazungumza kwa kupokezana. Mama na walimu nilikuwa nikiwajibu Kiingereza, kama watoto wote wa mtaani kwetu, lakini Baba alitaka Kiswahili. Basi Kiswahili changu mimi kilikuwa cha simu, na cha simu maana yake cha kutoa habari. "Mama hajambo? Anatoka saa ngapi? Anarudi saa ngapi? Nani kaja hapo wiki hii?" Nami namweleza yote, hata rangi ya mtandio aliovaa, na Baba ananiambia, "Hongera, wewe ndio jicho langu." Nilikuwa nikivimba kichwa. Nilidhani kila mtoto mwenye baba mbali ana kazi hiyo.

Jicho la pili lilikuwa Shangazi Rukia, dada yake Baba, aliyekaa Stratford na kuja kwetu kila Jumapili kwa treni, mkoba kwapani. Shangazi haingii nyumbani kwa watu, anakagua. Anapitisha kidole juu ya rafu, anafungua sufuria, anavuta hewa puani. Na Jumapili moja, Mama yuko jikoni anakaanga, nilimsikia akimwambia Baba kwenye simu kwa sauti ya chini, "Watu wanasema London inaharibu wanawake. Mie sijaona kitu, lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja. Likitokea la kutokea, huyu mtoto apelekwe kwa mama yetu, Wete, akalelewe." Wete mimi nilikuwa naijua kwa picha moja tu, bibi mwenye kanga amesimama mlangoni, hacheki. Nilikuwa sina ugomvi na bibi, lakini Mama hakuwemo katika picha ile. Tokea siku hiyo nikawa simlindii Baba tena. Nikawa namlinda Mama asije akaharibika, wakanichukua.

Sasa sikilizeni. Bi Vaso akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali. Siku ya pili yake Mama alirudi kutoka kumtazama, amebeba kitu ndani ya mfuko, amekifunika kwa mtandio wake mwenyewe. Nikamuuliza ni nini. "Si kitu." Mama hajawahi kuniambia si kitu. Akapita nacho moja kwa moja mpaka kabati la boila, pale tulipoweka mashuka yapate joto, nikasikia anasogezasogeza, halafu mlango ukafungwa.

Asubuhi yake nikamsikia kaamka kabla ya saa yake. Nikachungulia. Mama alikuwa ameketi sakafuni mbele ya kabati, chupa kubwa ya mdomo mpana mapajani, ameifungua kitambaa, anainusa. Akatabasamu. Kisha akaisemesha, nawaapia, akaiambia, "Haya bibi, mzima?" Macho yake yalikuwa mekundu. Leo najua ni macho ya mtu anayelala saa nne kwa siku, lakini mie ningejuaje?

Alipokuwa bafuni nikaenda. Ndani ya chupa kulikuwa na kitu cheupe kizito kilichojaa mapovu, na nilipokiangalia povu moja likapasuka lenyewe. Shingoni pa chupa kulikuwa na kijiti kikavu cha mrehani kimefungwa kwa uzi mwekundu. Mrehani na uzi mwekundu! Shangazi alishanihadithia mambo ya waganga, nikajua huo ni uganga. Halafu nikanusa. Harufu ile nilikuwa naijua. Ndiyo iliyokuwa ikitoka mlango wa baa ya pembeni Jumamosi asubuhi wanapomwaga maji ya kuoshea sakafu. Pombe. Mama yangu anakunywa pombe, na anaificha kwenye mashuka.

Wiki nzima nikamchunga. Alipiga miayo kwenye basi, maana sasa alinichukua kazini: nikahesabu. Alijikwaa ngazini: nikahesabu. Aliimba akiosha vyombo, Mama ambaye hakuimba tangu Baba aondoke: hiyo niliihesabu mara mbili. Kila siku ile pombe ilizidi kupanda ndani ya chupa, kisha inashuka, na nikasema bila shaka inashuka kwa sababu inanywewa. Ningemuuliza tu, ningejibiwa. Lakini mtu anayeshuku haulizi. Anaona kuuliza ni kumwamsha mwizi.

Ikafika Jumamosi. Kesho Shangazi atakuja na pua yake, na simu italia. Mama alipokwenda sokoni nikaitoa chupa kabatini. Nikakata uzi, nikautupa ule mrehani chooni nikavuta maji. Kile cheupe nikakimimina kwenye sinki, kikakataa kushuka, kikanata, nikakisukuma kwa vidole huku nikilia kwa kinyaa. Chupa nikaiosha kwa sabuni mara tatu. Kitambaa kilichokuwa mdomoni mwake, kimeganda ukoko mgumu, nikakitia kwenye kapu la nguo chafu. Nikairudisha chupa tupu mahali pake, nikakaa mbele ya televisheni, na nilijiona mtoto mwema kuliko wote wa London.

Jumapili Mama alichelewa kuifungua, kwa sababu Shangazi alifika mapema na kuzunguka nyumba nzima, hata mashuka akayapapasa. Walipokuwa wanaandaa chai, Mama akaenda kabatini. Kisha akatoka na chupa mikononi.

"Rukia," akasema. Hakusema Wifi. "Umeifanya nini?"

"Nimefanya nini mie?"

"Chupa hii ilikuwa na amana ya mtu. Uliingia kabatini sasa hivi nimekuona. Umeimwaga!"

"Ala! Nimwage nini? Hata sijaiona!"

"Nani mwingine? Mimi niliificha kwa sababu yako wewe! Bi Vaso kaniambia isionwe na mtu, kwao wanaiogopea kijicho, nami nikajua jicho gani la kuliogopa. Sikumwambia hata mwanangu!" Mama alikuwa analia. "Chachu hii kapewa na mama yake siku aliyotoka kijijini kwao. Mama yake alipewa na mama yake. Kila siku inalishwa. Kanipa ufunguo wake, kaniambia, Zuhura, mimi nikifa sawa, lakini yeye asife. Na mimi nimwambie nini?"

Chachu. Neno lile nililisikia, na nikawa nalielewa polepole. Mkate. Uchachu ule wa ulimini. Nilitamani sakafu inimeze.

Shangazi alikuwa amesimama wima. Mtu ambaye kazi yake ni kushuku wengine hajui afanye nini akishukiwa yeye. "Umenivunjia heshima, Zuhura. Miaka yote naingia nyumba hii sijachukua hata kijiko. Basi leteni msahafu. Nitaapa mimi. Na wewe utaapa. Na huyu mtoto naye ataapa, maana tuko watatu humu ndani." Akaenda bafuni kutia udhu.

Nilikuwa naenda chuo cha Kurani kila Jumamosi na Jumapili asubuhi, najua kuapa uongo kwa msahafu ni nini. Maji yalikuwa yanamiminika bafuni. Nilimfuatilia kwa masikio. Sasa mikono. Sasa anasukutua. Sasa uso. Mama alikuwa amekaa kochini ameikumbatia ile chupa tupu, hanitazami, hakunishuku hata chembe. Hilo ndilo lililoniumiza. Sasa Shangazi yuko kwenye miguu. Maji yakakatika.

Alitoka na mikono inadondoka maji, akainyoosha kuufikia msahafu juu ya kabati. "Ni mimi," nikasema. Nikasema kwa Kiswahili, chote kibovu, kimetoka kwa mkupuo. Nimemwaga mimi. Nilidhani pombe. Nilidhani Mama analewa, na Shangazi ataisikia harufu amwambie Baba, na mie nitapelekwa Wete.

Nilingoja kofi. Nililitaka hasa. Mama alinitazama tu.

"Ulidhani mimi nalewa?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Mimi?"

Mama hakupiga kelele, hakunigusa. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu, na nikaona nimemfanyia jambo kubwa kuliko chachu.

"Astaghfirullah," akasema Shangazi. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mama akageuka. "Na nani alomfundisha, Wifi?"

Shangazi alirudi nyuma hadi kwenye kochi. Akakaa. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mwanamke mfupi tu, miguu yake haifiki chini vizuri kwenye kochi letu. Akaanza kusema hakuwa na nia, yale ni maneno ya wakubwa tu, mtoto hakutakiwa kuyasikia. Akakatiza katikati. "Hebu nipe hiyo chupa." Akainusa, hakuna kitu ila sabuni. "Ilikuwa imefunikwa nini?"

Nikakileta kitambaa kutoka kwenye kapu la nguo chafu. Shangazi akauparura ule ukoko kwa ukucha, akatia ulimini, akafumba macho. Akasema bibi yake Pemba alikuwa akiumulia mkate wa kumimina kwa tembo tamu la mnazi, lile la asubuhi, kabla halijawa kali. "Lilikuwa haramu likilewesha, si likiumua unga. Na bibi hakuosha kata yake ya kuchotea. Anaiacha ikauke, na siku akikosa tembo anairowesha." Akavua saa yake ya mkononi. "Zuhura, lete bakuli. Maji ya vuguvugu, si ya moto. Na unga."

Walikaa mezani wanawake wawili waliokuwa wanakaribia kuapishana, wanaparura kitambaa kichafu kwa ncha ya kisu. Kilichopatikana hakikuzidi kijiko kimoja. Simu ya Baba ilipolia hakuna aliyeinuka, na ikanyamaza yenyewe.

Shangazi ambaye kawaida yake ni Jumapili, alikuja Jumanne. Akaja Alhamisi. "Nimekuja kumwona mgonjwa," anasema mlangoni, anapita kwenda kabatini bila kutusalimia. Siku mbili za mwanzo palikuwa na maji na unga tu, wala hapakuwa na dalili. Siku ya tatu povu moja. Siku ya nne nilifungua na harufu ile ikanipiga, ile ile ya baa, na nikarukaruka pale ukumbini kwa furaha. Kisha nikaanza kushuku. Imefufukaje? Nikapekua pipa la taka, nikitafuta pakiti ya hamira. Hakuna. Shangazi alipokwenda kusali nikapekua mkoba wake. Nilikuta peremende na tasbihi. Naona haya kuandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa, wiki ile ile, machozi hayajakauka.

Jumamosi Bi Vaso alirudi na mkongojo wa miguu minne. Mama akanipa chupa. "Utamwambia wewe." Nikashuka nikamwambia yote, kwa Kiingereza, jikoni kwake, nikitazama slipa zake. Bi Vaso hakuwa na subira kama ya Mama. Aligonga meza kwa kiganja mpaka kijiko kikaruka, akasema maneno mengi ya Kigiriki, akajipiga kifuani, akalia waziwazi na kamasi. Kisha akaichukua chupa akainusa. Akanusa muda mrefu. Akachovya kidole, akalamba.

"Ndiye?" nikauliza.

"Sijui," akasema. "Mgonjwa sana. Nawa mikono."

Hakuweza kusimama, basi alinielekeza akiwa kitini. Nilikanda unga wa manjano hadi mabega yakaniuma, tukaufunika kwa blanketi zito la sufu pembeni ya kipasha joto, tukangoja mchana kutwa. Haukuumuka kama ule wa zamani. Kabla ya kuutia ovenini akashika kisu, akanitazama. "Unaogopa?" Nikasema siogopi. Akachora msalaba wake, na mimi nikasema bismillahi yangu, na mlango wa oveni ukafungwa. Ulitoka mfupi, mzito, mchachu kupita kiasi. Bi Vaso alitafuna akitikisa kichwa. "Bado ni yeye. Wiki ijayo atakuwa bora." Akagawa chachu mara mbili, nusu akaitia chupa nyingine. Akasema kosa lilikuwa lake, kuiweka nyumba moja tu. Kijijini kwao ilikuwa kila jirani anayo, na ya mmoja ikifa anabisha hodi kwa mwenzake. "Hii ya mama yako. Na wewe, ukinusa kitu, uliza."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Ule mkate mfupi ulikuwa mezani kwetu, Shangazi kaukata mapande manene na kuuchovya kwenye mchuzi wa pweza, analalamika mchachu huku anaongeza. Mama alikuwa anacheka kidogo, si kama zamani. Wiki nzima alikuwa akinipa chakula, akinifulia, akinisuka nywele, na hajanitazama usoni.

Simu ikalia. Kama kawaida nikaikimbilia mimi. Sauti ya Baba ikaja na mwangwi wake. Alisema wiki iliyopita kapiga hakupata mtu, kuna nini? Mama alikuwa wapi? Nani alikuja hapo?

Nyuma yangu kijiko cha Mama kikasimama. Shangazi akaacha kutafuna. Nilikuwa na habari nyingi kuliko siku zote za maisha yangu.

"Baba," nikasema, "Mama yupo hapa. Muulize mwenyewe."

Nikamnyooshea Mama simu. Aliniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, akafuta vidole kwa kanga, akaipokea. Shangazi akaniashiria kwa kichwa, tukatoka sote wawili, na yeye mwenyewe ndiye aliyeurudisha mlango. Tukakaa ngazini. Mama alizungumza muda mrefu. Mara sauti yake ilipanda, mara ikashuka, na neno moja sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nimeziba masikio kwa mikono yangu miwili. Waliambiana nini sijui. Mpaka leo sijauliza.